Moshi Chini ya Mabati

Mama alikuwa na chombo kwa kila tundu. Sufuria kubwa ilikaa karibu na mlango, bakuli la bati miguuni pa kitanda, kibuyu kilichokatwa shingo pembeni mwa debe la unga, na juu ya kabati kilikaa kikombe changu cha shule ya msingi, ambacho bado kilikuwa na jina langu, JESKA, lililokwaruzwa kwa msumari. Mvua ya kwanza ya vuli mwaka 1976 ilinikuta katikati ya nyumba hiyo, saa tisa mchana, siku ya pili ya likizo yangu. Nilimtazama mama akitembea kutoka chombo hadi chombo, akimwaga kilichojaa na kurudisha kilicho kitupu, bila kutazama juu hata mara moja.

"Inavuja hivi tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu tuletwe."

"Miaka miwili! Mbona hukuniambia, mama?"

"Barua zangu anaandikaga katibu wa kijiji. Ulitaka nimwambie katibu aandike kwamba nyumba za kijiji zinavuja?"

Nilikuwa nimehitimu chuo kikuu mwezi wa tatu, na tangu hapo nilikuwa nafundisha shule ya sekondari mjini Musoma. Nilipanga chumba Mukendo, chumba chenye dari ya mbao nyeupe, ambamo mvua husikika kwa mbali kama inanyeshea watu wengine. Nilikuwa nikilala humo huku mama yangu akihamisha kitanda chake kutoka pembe hadi pembe.

Mvua ilipopungua alikaa kwenye kigoda, akakohoa, akafuta mikono kwa kanga.

"Nakuambia wewe kwa kuwa umekuja," akasema. "Mvua kubwa ikinikuta hivi, narudi mlimani."

"Mlimani kwa nani?"

"Kwangu."

Huko mlimani hapakuwa na mtu. Kabla ya Operesheni ya kuhamishia watu vijijini tulikaa kule, mwendo wa saa mbili kutoka hapa Nyamuswa, boma hapa na boma pale, na katikati mashamba ya pamba. Sasa palibaki mahame, yaani kuta zilizoanguka na mikatani iliyoota milangoni. Mwaka uliopita Wegesa, mjane aliyekuwa jirani yetu, alitoroka kijijini akarudi kwake. Aliteleza kwenye mawe, akavunjika mguu, akalala hapo siku nne mpaka mchunga ng'ombe mmoja alipomsikia. Hakupona.

Nilimsihi mama tuondoke wote twende Musoma. Akaniuliza angefanya nini Musoma, akae chumba kimoja cha kupanga akisubiri nitoke kazini? Nilimkumbusha habari za Wegesa.

"Wegesa alilala kwake," mama akajibu.

Basi nilikuwa na siku nane za likizo zilizobaki, na kazi moja tu: kumpata fundi wa paa mwenye kuaminika kabla mvua kubwa haijafika.

*

Kesho yake alfajiri nilidandia lori la pamba mpaka Bunda. Sikuwahi kutafuta fundi maishani. Nilifanya kama nilivyofundishwa kufanya utafiti: niliuliza watu. Mwenye duka alinielekeza sokoni, sokoni wakanielekeza nyuma ya stendi, na nyuma ya stendi nilimkuta mtu mwenye nyundo mbili kiunoni anayeitwa Silasi.

"Ndugu mwalimu," akaniambia nilipojitambulisha, "mimi nimeezeka kuanzia hapa mpaka Tarime. Muulize mtu yeyote."

"Nimuulize nani?"

"Yeyote!"

Nikamgeukia mzee aliyekuwa akiziba baiskeli hatua tatu kutoka tulipokuwa. "Nimuulize huyu?"

"Huyo hapana," Silasi akasema haraka. "Huyo mgeni."

"Mgeni nani?" mzee akadakia bila kuinua kichwa. "Nimezaliwa Bunda hii. Wewe ndiye sikujui."

Nilicheka, na hilo lilikuwa kosa langu, maana mtu akishakuchekesha unamwona mwema. Nilirudi naye siku ileile. Hakumsalimu mama. Alipanda moja kwa moja, akapigilia misumari mipya kandokando ya matundu ya zamani, akapakaza lami huku na huku, akashuka, akala, akapanda tena, akakanyaga bati moja mahali pasipo na mbao chini yake. Tulisikia likilia kama kopo. "Hilo halina neno," akasema kutoka juu. Kabla jua halijashuka alikuwa ameshapata gari la kurudi.

Mvua ya siku iliyofuata ilimwonyesha mama kazi ya Silasi. Yale matundu ya zamani yalibaki, na mapya yakaongezeka. Pale alipokanyaga palipasuka ufa wa urefu wa mkono.

"Fundi wako amenipa safari ya kuazima sufuria," mama akasema. Alikwenda kwa Getruda, jirani, akarudi na masufuria mawili.

Nilitoka nje nikasimama chini ya upenu ili asinione. Nilikuwa nimebakiza siku sita. Nyumba za kijiji zilikuwa zimepangwa kwa safu, zote zinatazama barabara, na kila moja ilikuwa imefunga mlango kwa ajili ya mvua. Nilikuwa nimeandika insha ndefu chuoni kuhusu vijiji hivi. Niliandika kwamba mtu hatakuwa peke yake tena. Bado naamini neno lile, ila sikuwa nimewahi kulisema nikiwa nimesimama kwenye safu yenyewe.

Jioni nilikwenda bombani. Wanawake walikuwa wamepanga ndoo na kuongea. Niliwasalimu, nikauliza kama hapa kijijini kwenyewe hakuna fundi wa mabati.

Getruda akainua ndoo yake, akaiweka tena chini.

"Fundi yupo," akasema. "Anakaga safu ya mwisho, nyumba ya pembeni. Alfonsi. Mimi paa langu kaliweka sawa mwaka jana, na halijatoa hata tone."

"Mbona mama hakuniambia?"

Mwanamke mmoja akacheka kidogo. "Muulize mama yako ni nani aliyemwezua."

*

Alfonsi nilimjua. Alikuwa rafiki wa baba yangu. Mwaka wa Uhuru baba, mzee Ryoba, aliuza pamba ya misimu miwili akanunua mabati ishirini na manne, na Alfonsi ndiye aliyeyaezeka. Ilikuwa nyumba ya kwanza ya bati upande wetu wa mlima. Watu walikuja kuisikiliza mvua ikiipiga. Kila Jumapili baada ya misa Alfonsi alikuja kwetu kunywa togwa, na mama akimwita shemeji. Baba alifariki mwaka 1968. Alfonsi aliendelea kuja, akikaa nje, akiuliza kama kuna msumari uliolegea.

Nilimkuta mbele ya nyumba yake akinyoosha misumari ya zamani juu ya jiwe, mmoja mmoja, kwa nyundo ndogo. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotarajia. Mwanawe Bernado alikuwa amekwenda Mwanza kiwandani, na mke wake alikuwa amekufa mwaka wa kuhama. Hayo aliniambia Getruda njiani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akanitazama. "Wewe ni wa Ryoba."

"Ndiyo. Jeska."

"Umerefuka miguu. Zamani ulikuwaga wa kubebwa." Akachukua msumari mwingine. "Mama amekutuma?"

"Hapana."

"Nilijua. Linavujia wapi?"

Nilimtajia kwa vyombo, maana sikujua njia nyingine: pa sufuria, pa bakuli, pa kibuyu, pa kikombe. Alinisikiliza kwa makini, kama daktari anayetajiwa maumivu.

"Waliolirudisha huku ni nani?"

"Kazi ya pamoja. Mama anasema waliezeka nyumba sita kwa siku moja."

"Walifuata namba?"

"Namba gani?"

Nyundo ikasimama.

"Niliandika namba," akasema. "Chini ya kila bati, kwa rangi nyekundu. Moja mpaka ishirini na nne. Bati lililokwisha kutobolewa, mwanangu, linakumbuka mbao zake. Ukilirudisha mahali pake, kila tundu linapata msumari wake, na maji hayana pa kupita. Ukilichanganya, kila tundu linabaki wazi, na unatoboa mengine juu yake. Ndiyo maana niliandika."

Nilimuuliza lile nililotoka nalo bombani. Kwa nini siku ya kuhamishwa alikubali kuliezua paa letu yeye?

Aliuweka msumari mwingine juu ya jiwe, akauviringisha kwa kidole bila kuupiga.

"Mgambo walikuja na mitarimbo," akasema mwishoni. "Kwa jirani yenu waliyachana mabati kama karatasi. Nikawaambia: hii ya Ryoba niachieni, niliijenga mimi. Ning'oe msumari mmoja mmoja. Wakacheka, wakaniachia."

"Ulimweleza mama?"

"Nilikuwa juu, yeye chini. Alinitazama mara moja. Mtu akikutazama vile, utaanza kueleza nini?"

*

Mama alikuwa akipepeta ulezi niliporudi. Nilipotaja jina la Alfonsi, ungo ulisimama.

"Asikanyage kwangu."

"Mama, sikiliza kwanza..."

"Nisikilize nini? Wewe ulikuwa Dar es Salaam unaandika barua. 'Mama, usiogope kuhama, mama, huko kuna bomba na zahanati.' Katibu alinisomea mara mbili. Nikasema mwanangu anajua vitabu. Siku ile ya kuhamishwa mimi nilikuwa nimekaa ndani na sufuria mapajani. Nikaona mwanga. Nikatazama juu, nikamwona yeye. Si mgambo, si mtu wa wilaya. Yeye! Amekaa juu ya mbao za kenchi vilevile kama siku alipotujengea, na baba yako akimrushia misumari. Jeska, yule mtu alinivua nguo mbele ya watu."

Nilingoja mpaka ungo ukaanza tena kucheza, ndipo nikasema polepole kwamba Alfonsi alikuwa ameandika namba chini ya mabati ili yarudi mahali pake. Kwamba ndiyo sababu alitaka kuliezua yeye mwenyewe, asiwaachie wenye mitarimbo.

"Namba nyekundu?" mama akauliza.

"Nyekundu."

Akaweka ungo chini. Alitazama mikono yake, kwanza viganja, kisha migongo ya viganja.

Ndipo akanieleza. Kabla ya Operesheni walipita watu na kopo la rangi nyekundu, wakaandika namba kwenye kila mlango. Mlango wetu ulikuwa arobaini na moja. Siku tatu baada ya namba, nyumba haikuwa na paa. Kwa hiyo mabati yalipofika huku yakiwa na namba nyekundu, mama alielewa jambo moja tu: yameandikishwa, si yake tena, siku moja watakuja kuyachukua. Kabla ya watu wa kazi ya pamoja kuja, alikaa siku mbili uwanjani, akasugua namba zote ishirini na nne kwa mchanga, majivu na magunzi ya mahindi, mpaka vidole vikatoka damu.

"Zilikuwa ngumu kutoka," akasema.

Hapakuwa na mwingine wa kumlaumu, wala hakumtafuta. Aliinuka, akatoka, akasimama uwanjani akitazama upande wa mlima. Nilimwacha. Aliporudi sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku.

"Aje. Lakini mimi nitakuwa jikoni. Sitamsalimu."

*

Alikuja saa sita mchana, jua likiwa utosini. Nilitegemea apande. Badala yake alivua katambuga zake mlangoni, akaingia, akalala chali sakafuni katikati ya nyumba ya mama yangu, mikono juu ya kifua.

"Funga mlango," akaniambia. "Na dirisha."

Nikafunga. Gizani matundu yakajitokeza juu yetu, mengi kuliko nilivyodhani, makali kama ncha za sindano. Alihama kwa mgongo, akalala hapa, akalala pale, akiyataja kwa sauti ndogo. Baadaye akaniambia kwamba fundi anayepanda kabla ya kulala anakwenda kutengeneza paa asilolijua. Nikamkumbuka Silasi na nyundo zake mbili.

"Sasa niambie," akasema akiwa bado chini. "Namba zangu zilikwenda wapi?"

Nilimwambia. Nilisema yote, pamoja na magunzi. Nilisikia tu pumzi yake, na kutoka jikoni, upande wa pili wa ukuta, nikasikia kuni zikivunjwa kwa goti, moja baada ya nyingine, nyingi kuliko zinazohitajika kupikia.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na anga safi. Alipanda, akang'oa misumari mmoja mmoja, nami nikapokea mabati na kuyalaza uwanjani, uso wa chini ukiwa juu kama alivyoniagiza. Yalipokwisha kushuka yote, alianza kuzunguka kati yake kama mtu anayewakagua ng'ombe waliochanganyika.

Nikaona alichokuwa akikitazama. Kule mlimani mama alipikia ndani. Kwa miaka kumi na tatu moshi ulipanda kutoka kwenye mafiga, ukatambaa chini ya mabati, ukayapaka weusi. Lakini pale mbao zilipokuwa zimegusa bati, moshi haukufika, na mistari ilibaki myeupe, imenyooka, matundu ya misumari yakiwa ndani yake kama shanga kwenye uzi. Bati lililokuwa juu ya moto lilikuwa jeusi kabisa. La pili yake lilikuwa na weusi upande mmoja. Na kadiri yalivyokwenda mbali na moto, ndivyo yalivyopauka. Katikati ya kila moja paling'aa doa la ukubwa wa kiganja, pale mama alipofuta namba.

"Namba zimekwenda," Alfonsi akasema, "moshi upo."

Tukaanza kuyapanga. Jeusi hapa, lenye weusi wa kushoto hapa, lenye weusi wa kulia ng'ambo yake. Mstari mweupe wa bati moja ulipaswa kuendelea kwenye bati la pili. Usipoendelea, tulibadilisha. Uwanjani kwetu paa la zamani likaanza kujitokeza, limelala kichwa chini, na niliweza kusema kitanda cha mama kilikuwa wapi na mimi nililala wapi.

Ilipofika upande wa mlango tukakwama. Mabati manne yalifanana, yote yamepauka. Alfonsi aliinua moja, akaliweka mbele, akaliondoa, akaliweka tena.

"Hapana," sauti ikasema.

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mwiko mkononi.

"Hilo siyo la pembeni," akasema. "Hilo la juu ya mlango wenyewe. Mbayuwayu walijengaga hapo. Angalia udongo wao."

Alfonsi akainama. Kulikuwa na mduara mdogo wa udongo mkavu, nusu umebanduka.

"Kweli," akasema. "Mbayuwayu."

"Na lile lenye bonde, mvua ya mawe ililipiga mwaka Jeska alipokwenda bweni. Lilikuwa upande wa baba yake. Alikuwa analalamikaga kila siku kwamba linamtazama."

"Aliniambia nije nilibadilishe."

"Ukamwambia aache maringo."

"Nikamwambia aache maringo," Alfonsi akakubali.

Mama alikuwa ameshafika katikati ya mabati. Walifanya kazi hivyo mpaka saa tisa, wakizungumza mabati tu. Hili mbele. Geuza. Hapana, moshi wa hili unatoka kulia. Hawakutaja Operesheni, wala kifo cha baba, wala miaka miwili waliyokaa safu tatu kutoka kila mmoja kwa mwenzake bila salamu. Mimi niliwashikia mabati na kujitahidi nisipumue kwa nguvu.

Mwishoni mama akasema, akitazama chini, "Nilizisugua namba zako."

"Nimeona," Alfonsi akajibu. "Aliyeniuzia ile rangi aliapa kwamba haitoki."

Mama akatoa sauti fupi puani. Sijui kama kilikuwa kicheko. Kisha akageuka akarudi jikoni.

Bati moja lilikuwa limekwisha, lile Silasi alilolikanyaga. Ufa ulikuwa umepita kwenye migongo mitatu. Mabati mapya hayakuwa yakipatikana bila kibali, na kibali kilichukua miezi. Nilikaa chini kwa uchungu.

"Usijali," Alfonsi akasema. "Ninalo moja la akiba nyumbani."

*

Mimi na mama tulilala kwa Getruda. Siku ya pili Alfonsi alihamisha mbao za kenchi zikafuata mistari ya moshi, akaanza kuezeka. Alipigilia misumari yake iliyonyooshwa, kila mmoja ndani ya tundu lake, na chini ya kila kofia ya msumari akaweka kipande cha mpira alichokikata kwenye katambuga kuukuu. Bati la akiba alilileta alfajiri kabla hatujafika, akaliweka karibu na mlango. Alimaliza saa kumi. Mama hakutoka jikoni. Chakula kilikuwa kimeiva, nilisikia harufu, lakini hakumwita, naye hakungoja kuitwa. Alikusanya vifaa vyake, akaniaga, akaondoka akichechemea kidogo kwa sababu ya goti lililokuwa likimuuma.

Nilitaka kumfuata. Nilitaka kumwambia mama maneno ambayo mwalimu kijana huwa nayo mengi. Nikanyamaza, na nadhani ni jambo moja la busara nililofanya likizo ile yote.

Mvua kubwa ilikuja siku mbili baadaye, saa nane mchana, kutoka upande wa ziwa. Mama alipanga vyombo vyake kama kawaida, na masufuria ya kuazima pia. Tukakaa. Bati lote lilinguruma juu yetu. Sufuria ilikaa kavu. Bakuli likakaa kavu. Kibuyu, kikavu. Nilikwenda kuchungulia kikombe changu juu ya kabati na kukuta mjusi ndani yake.

Ndipo mama akatazama juu. Nilimwona akilipitia paa polepole, kutoka bati jeusi mpaka lililopauka, kama anayepita ndani ya nyumba yake. Macho yalipofika karibu na mlango yakasimama.

"Lile siyo letu."

"Ni lake la akiba, mama. Lile letu lilipasuka."

"Bati la akiba linakaaga kwenye kona, Jeska. Halina moshi. Lile lina moshi."

Nikatazama. Kweli lilikuwa na moshi, lakini kidogo sana, ukungu tu wa kijivu kati ya mistari ya mbao.

"Mwembamba," mama akasema. Alikuwa akisema peke yake. "Moto wa mara moja kwa siku. Labda na siku nyingine hakuna."

Mvua ilipokatika alikwenda jikoni. Nilimsikia akichota unga, akasita, akachota tena. Alipika ugali na sato mkavu wa kuunga kwa karanga, akavitia kwenye bakuli, lile bakuli la miguuni pa kitanda, akalifunga kwa kitambaa safi.

"Mpelekee shemeji yangu," akasema. "Mwambie bakuli alirudishe mwenyewe."

Nilipita safu tatu kwenye matope. Mlango wa Alfonsi ulikuwa wazi. Ndani, kwenye pembe ya paa, paliachwa nafasi ya upana wa bati moja, imezibwa kwa nyasi na ngozi kuukuu ya ng'ombe iliyokuwa bado inachuruzika. Chini yake palikuwa pamelowa. Alikuwa amehamishia kigoda chake na mafiga upande wa pili wa chumba, na alikuwa amekaa hapo, mikono magotini, akitazama tu mlangoni. Moto haukuwashwa.

Aliona ninapotazama.

"Mwambie mama yako lilikuwa la akiba," akasema.

"Nilimwambia, baba. Ameshajua."

Akapokea bakuli kwa mikono miwili. Akalishika hivyo, bila kulifungua, mvuke ukipita kwenye kitambaa, kama mtu aliyesahau chakula kilichopikwa na mwingine kinafanywa nini.

"Amesema nini?" akauliza.

"Amesema: mpelekee shemeji yangu. Na bakuli ulirudishe mwenyewe."

Aliinamisha kichwa. Nilisubiri, kisha nikaona kwamba hangekula nikiwa nimesimama pale, nikamuaga. Kesho yake ilikuwa siku yangu ya kurudi Musoma, na basi la kupitia Butiama liliondoka kabla jua halijapanda, kwa hiyo sikuona kama bakuli lilirudi.